Kabla Hujanunua Jina la "Milele", Pitia Rosterman Kwanza

Jumamosi moja binamu yangu alinipata pale Khayega nikingoja matatu ya kuingia Kakamega. Hakunisalimia hata vizuri. Alinisukumia simu usoni akasema, "Soma hii, halafu uniambie kama mimi ni mjinga."

Binamu ana elfu 15. Ni pesa ya boda, imewekwa kidogo kidogo tangu mwaka uanze, na nyumbani kila mtu anajua ni ya nini: alikuwa anataka kuongezea apate pikipiki yake mwenyewe, aache kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Sasa mpango umebadilika. Anataka kununua majina. Shinyalu, Isukuti, Mulembe, Khayega na mengine kadhaa, yote yakiwa domeni za blokcheni, zile zenye viishio kama .crypto na .eth. "Unalipa mara moja tu," akaniambia, "inakuwa yako milele. Siku kaunti ama kampuni kubwa ikitaka jina la Shinyalu, itanikuta nimekaa mlangoni."

Sikumjibu hapo hapo. Matatu ilikuwa imefika, lakini pia hilo neno "milele" lilinikwama kooni. Sisi watu wa huku tumeshawahi kuandikiwa neno hilo kwenye sheria, na halikumaliza miaka 3. Kwa hivyo hili ndilo jibu langu, na linaanzia mbali kidogo. Vumilia.

Vigingi vya 1931

Mwaka wa 1931, Mmarekani mmoja aliyeitwa L. A. Johnson, mlowezi kutoka upande wa Turbo, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Habari zilienea kama moto wa kiangazi kwa sababu hali ilikuwa mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, bei ya mahindi na kahawa ilikuwa chini, na walowezi wengi walikuwa wamezama kwenye madeni. Wakaacha mashamba yao, wakaja na hema, sururu na karai. Ndani ya muda mfupi mamia ya Wazungu walikuwa wametapakaa kando ya mito na kwenye mashamba ya watu.

Angalia vile mchezo wenyewe ulivyochezwa. Ulichukua leseni, ukatafuta kipande, ukapiga vigingi kwenye pembe zake, kisha ukakimbia ofisini kuandikisha. Kigingi chenyewe ni kijiti tu. Mbuzi anaweza kukiangusha. Kilichokipa nguvu ni daftari la serikali, na askari aliyesimama nyuma ya daftari. Mwenye shamba, ambaye babu zake wamezikwa pale pale, hakuwa kwenye hilo daftari. Madini yalihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Lakini kuna kitu watu wetu walikuwa nacho, angalau kwenye karatasi. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika iliyotengwa kama hifadhi zao. Sheria ilisema ardhi hiyo ni kwa matumizi na faida yao milele. Kama kipande kingechukuliwa, ardhi nyingine ya ukubwa ule ule ingeongezwa mahali pengine, na baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza.

Halafu dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa haraka haraka. Kwa ajili ya uchimbaji, hakukuwa tena na lazima ya kurudisha ardhi nyingine, wala lazima ya kuuliza baraza. Fidia ingekuwa pesa. Watu wa hapa walilalamika, na hata kule Uingereza kulikuwa na kelele bungeni na kwenye magazeti kwamba ahadi imevunjwa. Haikusaidia. Waliokuwa wameandika "milele" ndio waliokuwa na kalamu ya kuifuta.

Na wachimbaji je? Wachache walipata, wengi walirudi na karai tupu. Mgodi mkubwa zaidi ulikuwa Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, nao ulifungwa mwaka wa 1952. Ukipita huko leo, kampuni haipo. Jina ndilo limebaki. Watu bado wanasema wanaishi Rosterman, wanashuka Rosterman, na hakuna anayelilipia. Shikilia hilo, nitalirudia.

Daftari la intaneti

Sasa tutoke kwenye udongo tuingie kwenye simu. Usiogope, ni hadithi ile ile ya daftari.

Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Zamani, mtandao ukiwa mdogo, kulikuwa na orodha moja ya majina na namba zake. Ilitunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, California, na timu ya mwanamke anayeitwa Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unawaomba wanakuandika. Mtandao ulipokua orodha ikashindwa, na mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambao hadi leo ndio unaogeuza jina unaloandika kuwa namba. Tarehe 15 Machi 1985, symbolics.com likawa jina la kwanza la .com kuandikishwa.

Hadi mwaka wa 1995 majina hayo yalikuwa ya bure. Hebu fikiria hapo. Unaandikisha neno la kawaida tu, hulipi chochote. Halafu biashara zikaingia. Jina business.com liliuzwa dola 150,000 mwaka wa 1997, na miaka 2 baadaye likauzwa tena kwa dola milioni 7.5.

Hii ndiyo hadithi ambayo kila muuzaji wa domeni atakusimulia, na ni ya kweli. Binamu yangu si mjinga kuiamini. Shida ni kwamba wanakusimulia nusu. Nusu nyingine ni swali: kwa nini business.com ilikuwa na thamani hiyo? Ni kwa sababu kila kompyuta duniani, ukiandika jina hilo, inauliza daftari moja na kupata jibu moja. Aliyelinunua hakununua neno. Alinunua kukubaliana kwa watu wote kwamba neno hilo linaelekea kwake.

Kwamba ni makubaliano tu, kuna siku moja ilionekana wazi. Januari 1998, Jon Postel, mtaalamu aliyekuwa akisimamia majina na namba za intaneti, aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa kompyuta za juu kabisa za mfumo huo, akawaambia wafuate kompyuta yake badala ya ile ya kawaida. Kulikuwa na 12 wengine, na 8 wakamfuata. Hakuwalazimisha, walimwamini tu. Serikali ya Marekani ikashtuka, akarudisha mambo yalivyokuwa, na mwaka huo huo shirika la ICANN likaundwa kusimamia hiyo kazi.

Hata .ke yetu ilianza kwa kuaminiana. Ilikabidhiwa mwaka wa 1993, ikisimamiwa na Dkt. Shem Ochuodho, kabla ya KENIC kuichukua miaka kama 10 baadaye. Leo ukinunua jina la .co.ke na ukose kuelewana na mtu, kuna ofisi ya kwenda. Kuna mlango wa kugonga.

Wazo halikuwa baya

Watu wa blokcheni walitazama hiyo milango wakasema: mbona tuombe ruhusa? Serikali inaweza kufunga jina. Kampuni inaweza kukunyang'anya. Kwa nini daftari lisiwe mikononi mwa kila mtu, ili mtu mmoja asiweze kulifuta?

Mimi sicheki wazo hilo. Mtu wa Kakamega anayejua 1932 hana haki ya kulicheka. Na kuna kazi halisi linafanya: anwani ya waleti ya Ethereum ina herufi na namba 42, ukikosea moja pesa imeenda. Kuandika jina fupi badala yake ni msaada mkubwa.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa Namecoin, Aprili 2011, na kiishio chake .bit. Mwaka wa 2017 ikaja ENS, wenye .eth. Unstoppable Domains, kampuni ya San Francisco, ikaja na .crypto na viishio vingine, na hao ndio wenye wimbo wa "lipa mara moja". Ukiona .eth ukadhani nayo ni milele, hapana. Jina la herufi 5 au zaidi linalipiwa dola 5 kila mwaka, la herufi 4 ni dola 160, la herufi 3 ni dola 640, ukiongezea ada ya mtandao. Usipolipa, linaenda.

Pesa zilionekana pia. Oktoba 2021, paradigm.eth iliuzwa kwa ETH 420, ambayo wakati huo ilikuwa zaidi ya dola milioni 1. Habari kama hizo ndizo zinazopostiwa tena na tena hadi zikafika Khayega kwenye simu ya binamu yangu.

Ambazo hazipostiwi ni hizi. Mwaka wa 2015 watafiti wa Princeton walikaa chini wakahesabu majina ya Namecoin. Yalikuwa karibu 120,000. Yale ambayo hayakuwa yamekaliwa tu na mtu anayengoja mnunuzi, na yalikuwa na kitu cha maana ndani, yalikuwa 28. Si elfu 28. Ishirini na nane. Waliobaki wote walikuwa wamekaa mlangoni, kila mmoja akimngoja yule mwingine aje anunue.

Na hii ndiyo naipenda zaidi: mwaka wa 2019 kampuni ya blokcheni inayoitwa Block.one ilitaka jina la mradi wake mpya. Ilinunua voice.com kwa dola milioni 30. Watu wa blokcheni wenyewe, wakiwa na pesa za kutupa, walienda kununua .com.

Milele ya nani?

Turudi kwa lile neno.

Mwaka wa 2021 Unstoppable Domains ilianza kuuza majina ya .coin. Kumbe kulikuwa na mradi mwingine, Emercoin, uliokuwa ukitumia .coin kwenye blokcheni yake tangu 2014. Daftari 2, kiishio kimoja. Jina lile lile lingeweza kuelekea kwa watu 2 tofauti. Oktoba 2022 kampuni ikatangaza kwamba inaacha kuitumikia .coin. Wateja walipewa mkopo wa kununua majina mengine, mara 3 ya bei waliyolipa. Tokeni zao zilibaki kwenye waleti, ndiyo, hakuna aliyezigusa. Ila hazikuelekea popote tena. Fidia, na kigingi unabaki nacho.

Sisemi walikuwa wezi. Pengine walifanya jambo la busara. Nasema tu kwamba "milele" ilikuwa kwenye tokeni, na kalamu ilikuwa kwa kampuni.

Mfano mwingine. Ili mtu mwenye brauza ya kawaida aone tovuti ya .eth, kulikuwa na daraja linaloitwa eth.link, ambayo yenyewe ilikuwa domeni ya kawaida ya kulipiwa. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuilipia ni Virgil Griffith. Mwaka wa 2022 Griffith alifungwa Marekani kwa kesi ya kuisaidia Korea Kaskazini kukwepa vikwazo. Muda wa eth.link ukaisha yeye akiwa ndani, jina likauzwa kwa wengine, na ikabidi watu waende mahakamani kulirudisha. Mfumo usiohitaji mtu yeyote ulikwama kwa sababu mtu mmoja alikuwa jela.

Na je, ICANN ikija siku moja kuikubali .eth, si itakuwa bingo? Kuna kizingiti, na kiko jirani hapa. Kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ETH ni Ethiopia. Sheria za ICANN zimezuia misimbo ya nchi ya herufi 3 isigawiwe kama kiishio. Kwa viishio vingine mlango uko wazi kidogo, ila ada ya kuomba kimoja katika mzunguko mpya, uliopangwa kufunguliwa Aprili 2026, ni dola 227,000. Na anayeweza kuomba .crypto ni yeyote mwenye hizo dola, si lazima aliyekuuzia wewe. Mwaka wa 2021 ICANN yenyewe iliwaonya wanunuzi kwamba si majina yote yanafanana.

Kwa sasa, Brave na Opera zimejaribu kufungua baadhi ya majina haya. Mteja wako wa mutura pale sokoni anatumia Chrome ya kawaida. Ukimwambia aandike jina lako la .crypto, ataletewa matokeo ya utafutaji ama ukurasa wa kosa.

Jina la fahali

Kwa hivyo binamu, nikujibu moja kwa moja. Kama uwekezaji, hapana. Nina sababu 3.

Ya kwanza, uhaba wenyewe ni wa uongo. Dhahabu ya Kakamega hata kama ilikuwa kidogo, hakuna aliyeweza kutengeneza nyingine kwa kubadilisha kiishio. Wewe ukinunua Shinyalu yenye .crypto, mwingine anachukua ya .wallet, mwingine ya .x, mwingine ya .eth. Kesho wanaunda viishio vingine. Anayetajirika bila kubahatisha ni muuza leseni, si mpiga vigingi.

Ya pili, mnunuzi unayemngoja hayuko njiani. Serikali ya kaunti tayari iko kwenye kakamega.go.ke, na haihitaji kukupigia. Na jina la eneo si lako wala langu. Mtu angekuja hapa akaandikisha Isukuti kwa jina lake ili atuuzie, tungempigia kelele kijiji kizima.

Ya tatu, hakuna mlango wa kugonga. Waleti yako inafunguliwa kwa maneno ya siri, mara nyingi 12 au 24. Ukiyapoteza, ama yakisomwa na mwingine, hakuna chifu, hakuna ofisi, hakuna "nimekuja na kitambulisho". Unajua vile shamba letu bado liko kwa hati yenye jina la babu, na vile kulibadilisha kumesumbua wazee wetu miaka yote. Sasa fikiria hati ambayo babu ameenda nayo kaburini kichwani mwake.

Kama unatumia kripto kweli na unataka jina moja la kupokelea pesa, nunua moja, lako mwenyewe, la bei ndogo, ulihesabu kama viatu: umenunua uvae, si uuze. Hilo sina neno nalo.

Lakini thamani ya jina, binamu, wewe unaijua kuliko mimi. Si wewe uliyenipeleka kuona fahali wakipigana asubuhi ile ya baridi, tukifuata isukuti mpaka uwanjani? Fahali ana jina, na umati unaliimba. Ila hakuna mtu aliyewahi kununua jina la fahali kabla hajapigana. Anapigana kwanza, anashinda Khayega, anashinda kwingine, ndipo jina linaanza kusafiri peke yake hadi kwa watu ambao hawajawahi kumwona. Rosterman nayo ni hivyo hivyo. Haikubaki kwenye midomo yetu kwa sababu iliandikwa kwenye daftari la migodi. Daftari lile halifanyi kazi tena. Ilibaki kwa sababu watu walifanya kazi pale, wakajenga pale, wakawa wakisema "niko Rosterman".

Jina la .co.ke unaweza kulipata kwa karibu elfu moja kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo. Kama una kitu cha kuuza, hata kama ni huduma ya boda yenye namba ya simu na bei zake, weka hapo. Hiyo nayo haikupi milele, inakupa mwaka 1, halafu unalipa tena. Afadhali mwaka 1 ambao kila simu inautambua. Zile elfu 14 zinazobaki, zirudishe kwenye pikipiki.

Nimemtumia haya yote WhatsApp jana usiku kabla ya kuyaweka hapa. Alama 2 za buluu zimetokea saa 4:17. Hajajibu. Leo asubuhi nimemwona akipita stendi na abiria wawili na gunia la mahindi nyuma, amepiga honi mara 1, hakusimama.